Lumbesa ya Vyeti



Maneno mawili hayakosi siku hizi katika baraza zetu, tangu Tangini na Mailimoja hapa Kibaha mpaka Kisarawe na Maneromango. La kwanza ni la wazee: "Elimu imeshuka." La pili ni la waajiri: "Lete cheti." Ukiyasikia upesi upesi utadhani yanakubaliana, kumbe yanapingana. Kama elimu imeshuka, basi cheti cha leo hakina uzito wa kile cha jana. Na kama hakina uzito, kwa nini kazi zile zile zilizofanywa na baba zetu bila ya karatasi yoyote zinadai leo cheti kikubwa zaidi kila baada ya miaka michache?

Mkulima wa Kisarawe anaijua lumbesa. Gunia hujazwa mpaka mdomoni, kisha likashonewa kilemba juu, na mnunuzi akalipa bei ya gunia moja. Anaijua pia kangomba, kipimo cha mlanguzi wa korosho kisicho na muhuri wa serikali, ambacho leo ni hivi na kesho ni vile. Haya mawili ndiyo yaliyoingia katika elimu na ajira. Kipimo cha mtihani kimebadilishwa mara kwa mara mpaka mzazi hajui kinapima nini, na sharti la kazi limeshonewa kilemba mpaka halifanani tena na kazi yenyewe. Sisemi kuwa Baraza la Mitihani ni walanguzi, la hasha. Nasema kuwa anayepimiwa anaumia sawasawa, ikiwa kipimo kimeharibiwa kwa nia mbaya au kwa nia njema.

Katika Qur'ani tukufu iko sura nzima, ya 83, iliyopewa jina la wenye kupunja vipimo. Twaisoma kwa nia ya kumwogopesha muuza sukari na muuza nyama. Lakini mwenye kupima akili ya mtoto, na mwenye kupima riziki ya mtu, yeye hana mizani? Hebu tutazame.

JE, KWELI ELIMU IMESHUKA?

Mwezi Februari 2013, Waziri wa Elimu wa wakati ule, Dk. Shukuru Kawambwa, ambaye ni mtu wa Bagamoyo katika mkoa wetu huu wa Pwani, alitangaza matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012. Waliofaulu walikuwa kiasi cha 34 katika kila 100. Watoto zaidi ya 240,000 walipata sifuri. Nchi ilitikisika, na Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaunda tume. Mwezi Mei mwaka ule ule serikali ikatangaza Bungeni kwamba matokeo yale yanafutwa na kupangwa upya. Yakapangwa, na waliofaulu wakawa kiasi cha 43 katika kila 100.

Ndugu msomaji, zingatia jambo hili. Hapana mtoto aliyerudi darasani kati ya Februari na Mei. Hapana jibu moja lililoandikwa upya. Karatasi ni zile zile na wino ni ule ule, lakini watoto wapatao 30,000 waliolala wameshindwa waliamka wamefaulu. Mtoto wa nani alikuwa mjinga mwezi wa pili akawa na akili mwezi wa tano?

Kabla mwaka huo haujaisha, madaraja yenyewe yakabadilishwa. Alama A ikaanzia 75, zikaingizwa B yenye alama ya kujumlisha na E, na tukaambiwa daraja sifuri litaitwa daraja la tano. Mwaka 2014 madaraja yakaondolewa, ukaletwa mfumo wa wastani wa alama, wenye majina mageni ambayo mzazi wa Tangini alihitaji mkalimani ili ajue kama mwanawe amepasi. Matokeo ya 2015 yalipotoka, tumekwisha rudi kwenye madaraja ya zamani, la kwanza mpaka la nne na sifuri. Basi kaka mtu, dada mtu na mdogo wao, waliofuatana mwaka kwa mwaka katika nyumba moja, wana vyeti vitatu vilivyopimwa kwa pishi tatu. Leo wamesimama mbele ya mwajiri mmoja, naye ataviweka juu ya meza moja na kuvilinganisha!

Si hayo tu. Watu wa nyumba za Kiislamu hawajasahau mwaka 2012, pale matokeo ya somo la dini ya Kiislamu ya kidato cha sita yalipotolewa na kosa la kukokotoa, kisha yakarekebishwa baada ya malalamiko. Kosa likisahihishwa ni jambo la kushukuru. Lakini funzo lake ni kuwa ile namba iliyopigwa chapa, ambayo mwajiri huiona kama hukumu isiyo na rufaa, ni kazi ya mikono ya binaadamu.

Sasa tazama upande wa pili. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2024, yaliyotangazwa Januari 2025, yanasema waliofaulu ni zaidi ya 92 katika kila 100. Kutoka 34 mpaka 92 katika miaka kumi na miwili! Aliyelia mwaka 2013 kuwa elimu imekufa, je, sasa aseme imefufuka na kupaa? Asubiri kwanza. Wengi wa waliofaulu wamo katika daraja la nne, na katika somo la Hisabati waliofaulu ni kiasi cha robo moja tu. Yaani robo tatu ya watoto wameshindwa hesabu, na bado taifa linapongezwa kwa ufaulu wa 92.

Jirani zetu wa Kenya nao wameonja. Mwaka 2015 waliopata alama A katika mtihani wao wa mwisho wa sekondari walizidi 2,600. Mwaka uliofuata, waziri wao Fred Matiang'i alipokaza usimamizi na kuziba mianya ya wizi wa mitihani, waliopata A walikuwa 141. Hakuna atakayesema kuwa watoto wa Mombasa, Lamu na Nairobi walipoteza akili ndani ya mwaka mmoja. Kilichobadilika ni mkono wa mpimaji.

Kwa hiyo anayekwambia kuwa elimu imepanda au imeshuka, na ushahidi wake ni asilimia ya ufaulu, mwambie kwa adabu kuwa hajaleta ushahidi. Mzigo uliopimwa jana kwa kibaba na leo kwa pishi haukwambii kama shamba limezaa zaidi.

WAZEE WANA HAKI KWA NUSU

"Lakini," atasema mzee wangu, "darasa la nne la zamani lilimshinda mhitimu wa kidato cha nne wa leo. Sisi tuliandika barua ikasomeka!"

Mzee wangu, shikamoo. Uliyosema yana ukweli, lakini ni nusu yake. Mwaka 1961 tulipopata Uhuru, watoto wote waliokuwa sekondari Tanganyika nzima walikuwa 11,832, na waliokuwa kidato cha sita walikuwa 176 tu. Hao walichujwa kama nazi ya tui la kwanza. Ukimchukua mmoja katika mamia ukamlinganisha na mtoto yeyote wa leo, hukulinganisha elimu na elimu, umelinganisha mteule na umma. Wenzako wa mtaani waliokosa nafasi, ambao hawakufika hata mlango wa shule, umewaacha nje ya hesabu, kama walivyoachwa nje wakati ule. Na miongoni mwao, wengi walikuwa watoto wa Kiislamu wa mwambao huu.

Na tusisahau kuwa babu zetu wenyewe walifanyiwa mchezo huu wa kubadilishiwa kipimo. Watu wa Pwani walikuwa wakiandika barua, mikataba na wasia kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, tangu kabla ya Mjerumani kufika. Mjerumani alipofungua shule ya serikali Tanga, mwanzoni mwa miaka ya 1890, herufi za Kizungu zikaanza kuwa ndio ufunguo wa ukarani. Akaja Mwingereza, akataka na Kiingereza. Mtu aliyelala ni msomi na mwandishi wa mji akaamka anaandikwa katika daftari kuwa hajui kusoma. Elimu yake haikushuka hata daraja moja. Kilichofanyika ni kwamba mlango wa kazi ulihamishwa ukuta mwingine.

Hata hivyo, nusu ya ukweli aliyonayo mzee tusiitupe. Tulipanua shule kwa haraka mara mbili. Mara ya kwanza ni baada ya Azimio la Musoma la 1974, tulipotaka kila mtoto aingie darasa la kwanza. Walimu wakatafutwa popote, mpaka watu wakazigeuza zile herufi tatu za UPE kuwa "Ualimu Pasipo Elimu". Mara ya pili ni shule za kata za miaka ya 2000, zilipopewa walimu wa leseni wa mafunzo ya majuma machache, ambao wanafunzi wao waliwaita "vodafasta". Kupanua ilikuwa haki na wajibu. Kupanua bila walimu, bila maabara na bila vitabu ilikuwa ni kumpa mtoto sahani bila chakula. Watafiti wa Uwezo walipowapima watoto majumbani mwaka 2010 walikuta kuwa mmoja katika kila watano wa darasa la saba hawezi kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Na kuanzia 2012 mtihani wa darasa la saba ulifanywa wote wa kuchagua majibu, hata Hisabati, usahihishwe kwa mashine. Mtoto aliweza kutia weusi kwenye visanduku akafaulu bila ya kuandika sentensi moja!

Naam, basi ugonjwa upo. Lakini umeonekana kwa njia gani? Umeonekana pale mtu alipomwendea mtoto nyumbani, akampa hadithi mkononi, akamwambia: soma. Hakumwomba cheti. Alimpima kwa kitu chenyewe. Hili ulishike, kwani ndilo litakalotusaidia katika habari ya kazi.

KILEMBA JUU YA GUNIA

Tarehe 20 Mei 2004 lilianza kutumika agizo la serikali kuwa sifa ya chini ya kuajiriwa katika utumishi wa umma ni kidato cha nne. Miaka ikapita. Ulipofika uhakiki wa watumishi wa mwaka 2017 na uliofuatia, watu wa darasa la saba wakaondolewa kazini, na miongoni mwao walikuwamo madereva, watendaji wa vijiji na wahudumu. Baadhi yao walikuwa kazini kabla agizo lenyewe halijazaliwa! Kelele zikapigwa Bungeni, na mwaka 2018 waziri aliyehusika na utumishi, George Mkuchika, akatangaza kuwa walioajiriwa kabla ya tarehe ile warudishwe kazini.

Walirudishwa, alhamdulillahi. Lakini ndugu msomaji, hebu jiulize. Dereva aliyeendesha gari ya wagonjwa usiku, katika barabara za udongo za Kisarawe, miaka 15 bila ya kuangusha mtu, anaongezewa nini na cheti chenye D ya Jiografia? Mhudumu aliyefua mashuka na kuosha wagonjwa ujana wake wote, atafanya nini na Fizikia aliyoikosa mwaka 1989? Kazi haikubadilika. Mtu hakubadilika. Walichofanya ni kushona kilemba juu ya gunia, kisha wakamwambia mwenye gunia lake sawasawa kuwa amepunja.

Na ajabu kubwa iko juu. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 67, inasema anayetaka ubunge awe anajua kusoma na kuandika kwa Kiswahili au kwa Kiingereza. Basi! Anayetunga sheria ya nchi hatakiwi cheti cha kidato cha nne, ila anayemwendesha garini ni lazima awe nacho. Mimi siilaumu ibara ile, naisifu. Waliotunga Katiba walijua kuwa kazi ya uwakilishi hupimwa na wananchi kwenye kura, na kuwa kudai vyeti kungewafungia nje wakulima na wavuvi wenye busara. Nauliza tu: kwa nini hekima hiyo iishie Bungeni Dodoma isimfikie mlinzi wa geti?

Sababu yenyewe si siri. Mwezi Juni 2014, Idara ya Uhamiaji iliita vijana zaidi ya 10,000 katika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, na nafasi zilikuwa 70. Mwaka 2025, Mamlaka ya Mapato ilipata maombi zaidi ya 135,000 kwa nafasi 1,596. Mwajiri aliyerundikiwa mzigo huo hatafuti tena nani anaifaa kazi, anatafuta namna ya kupunguza rundo. Akisema "kidato cha nne", rundo limepungua kidogo. Akisema "stashahada", limepungua zaidi. Akisema "shahada, na uzoefu wa miaka mitatu", amepumua. Lakini kazi ni ile ile ya kupokea barua na kupanga majalada. Mwingereza mmoja, Ronald Dore, aliandika kitabu mwaka 1976 na kuita jambo hili ugonjwa wa vyeti, akasema nchi zilizochelewa kuendelea huugua zaidi. Tumeishi tukaona.

Na gharama ya kilemba hiki hulipwa na nani? Tajiri huongeza ada, mwanawe akapanda ngazi nyingine. Maskini wa Tangini huuza kiwanja, au mama huongeza sufuria la pili la maandazi kabla ya alfajiri, ili mtoto apate karatasi ambayo, akimaliza kuipata, ataambiwa haitoshi. Hiyo, ndugu zangu, ni dhuluma, hata kama imepigwa mhuri.

"BILA CHETI KUTAKUWA NA UNDUGU"

Hapa nitajibiwa, na jibu lina nguvu: "Cheti ndio silaha ya asiye na mjomba. Ukiondoa cheti, kazi zitagawanywa kwa undugu, kwa kabila, kwa dini na kwa bahasha. Waislamu wa Pwani ndio wa kwanza watakaoumia."

Ni kweli kabisa kwamba mtihani ulio wazi, wenye namba badala ya majina, umewatoa watoto wa maskini gizani. Hapa hapa Kibaha, shule ya sekondari iliyozaliwa katika miaka ya 1960 kwa msaada wa nchi za Kaskazini mwa Ulaya imechukua vijana kutoka kila pembe ya nchi kwa kuwa wamefaulu, bila ya kuuliza baba zao ni nani. Sitaki hilo lifutwe.

Lakini kuna njia ya tatu baina ya cheti kisichohusika na mjomba. Nayo ni jaribio la kazi yenyewe, la hadharani, lenye wasimamizi na lenye kumbukumbu. Hatujaanza leo kulijua. Fundi wa zamani alifanyiwa majaribio ya ufundi ya daraja la tatu, la pili na la kwanza. Akipewa waya aunganishe, au ubao aurande, kazi yake ndiyo iliyosema. Leo VETA nayo ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunza mitaani, wapimwe kwa mikono yao na wapewe cheti cha kile wanachokijua. Cheti kama hicho nakikubali kwa mikono miwili, kwa kuwa kinasema kitu cha kweli kuhusu kazi.

Na sisi Waislamu tuna mfano mkongwe zaidi. Mwanafunzi wa elimu ya dini, tangu Lamu mpaka Unguja na Bagamoyo, hupewa ijaza na shekhe wake. Ijaza hutaja kitabu kilichosomwa na mwalimu aliyekisomesha, na mwalimu wa mwalimu huyo. Haisemi kuwa huyu ni "daraja la pili" wa kila kitu. Husema kuwa huyu amesoma kitabu fulani kwa fulani, na ana ruhusa ya kukisomesha. Shekhe Yahya bin Abdallah, anayejulikana kama Shekhe Ramiya, aliletwa Bagamoyo kutoka Kongo akiwa mtoto mtumwa. Alisoma, akawa khalifa wa Qadiriyya aliyefuatwa na umati, na Mwingereza akamfanya liwali wa Bagamoyo mwaka 1916. Lau mlango wa elimu ungefungwa kwa nasaba au kwa karatasi, mji ungemkosa. Waliomjua walimpima kwa kukaa naye na kumsikiliza.

Tena twasoma katika sira kuwa baada ya Badri, mateka waliojua kuandika walipewa nafasi ya kujikomboa kwa kuwafundisha watoto kumi wa Madina kila mmoja. Kipimo kilikuwa mtoto kujua kuandika. Na Muadh bin Jabal alipokuwa akitumwa Yemen, imepokewa kuwa Mtume (s.a.w.) alimwuliza atahukumu vipi likimfikia shauri. Swali lilikuwa juu ya kazi aliyokuwa akipewa, na jibu lake ndilo lililompeleka.

WALIOGHUSHI HAWANA HOJA HAPA

Asitokee mtu akayachukua maneno yangu akayafanya kinga ya wizi. Tarehe 28 Aprili 2017, Rais John Magufuli alipokea ripoti iliyotaja watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Mwenye kughushi ameiba mara mbili. Ameiba jina la msomi, na ameiba nafasi ya kijana aliyekaa usiku na kibatari akasoma kwa haki. Ati sharti lilikuwa la dhuluma? Dhuluma haiondolewi kwa uongo, na mshahara uliojengwa juu ya uongo mtu aogope kuulisha watoto wake.

Lakini nawaomba pia wakubwa watazame upande wao. Mtu akikaa kazini miaka ishirini kwa cheti cha uongo, akaisifiwa kazi yake na kupandishwa cheo, basi ama wakubwa wake hawakuwa wakiipima kazi, ama kile cheti hakikuwa cha lazima kwa kazi ile. Waseme wenyewe ni lipi kati ya hayo.

YATUPASAYO

Ndugu msomaji, usiishie kutikisa kichwa. Yako yaliyo mikononi mwako.

Wewe mzazi, mwanao akirudi na ripoti, usitazame daraja kwanza. Mpe gazeti asome kwa sauti, kisha akueleze alichosoma. Mpe hesabu ya duka: mchele kilo tatu na robo, kila kilo bei hii, arudishe chenji ngapi. Mwambie amwandikie shangazi yake barua, au ujumbe wa simu wenye sentensi kamili. Hapo utajua kama elimu imeshuka nyumbani mwako, na utajua mapema, wakati bado dawa ipo. Ukisubiri mpaka Baraza likwambie, utakuta limekwisha badilisha pishi.

Nanyi mnaokaa katika kamati za shule, ulizeni Hisabati ina mwalimu au haina, kabla ya kuuliza asilimia ya ufaulu. Shule inayosema imefaulisha 92 huku watoto wake wameshindwa hesabu isipigiwe vigelegele.

Nawe mwajiri wa Kiislamu, mwenye duka Kariakoo, mwenye gereji Mailimoja, mwenye kiwanda Kibaha, mwenye shule ya Kiislamu na mwenye madrasa, usimnyooshee serikali kidole ikiwa tangazo lako mwenyewe lina kilemba. Unatafuta mpishi, unadai kidato cha nne cha nini? Mwingize jikoni. Unatafuta mwalimu wa Qur'ani, umsikilize kisomo chake, kisha umtazame anavyokaa na watoto. Unatafuta karani, mpe daftari la siku moja. Ukifanya hivyo mbele ya mashahidi wawili watatu, hapana atakayesema umempa mpwa wako.

Na serikali tunaidai mambo mawili, kwa adabu na kwa sauti. Kwanza, kila kazi ya umma iandikiwe sababu ya sharti lake. Daktari, rubani, mhandisi na mwalimu wasomee, wapimwe na wathibitishwe, na hapo tusilegeze hata kidogo, kwani roho za watu zimo mikononi mwao. Lakini ambapo sababu haionekani, kilemba kikatwe, na jaribio la kazi lichukue nafasi yake. Pili, kipimo cha mtihani kikae mahali pamoja muda wa kutosha, asibadilishe waziri huyu akarudisha waziri yule, ili watoto wa nyumba moja wapimwe kwa pishi moja, na ili siku moja tuweze kujibu kwa ukweli lile swali la wazee kuwa elimu imeshuka au haikushuka.

Soko la korosho lilipopigania mizani ya haki, mkulima aliambiwa asikubali kupimiwa kwa kangomba, na akisikia lumbesa atoe taarifa. Jasho la mtoto wako aliyekaa shuleni miaka kumi na moja, na jasho la dereva aliyekaa nyuma ya usukani miaka kumi na tano, hayana thamani chini ya gunia la korosho. Nayo yana haki ya mizani iliyo sawa, na Mwenye kuisimamisha mizani ya mwisho hapunji wala hapunjwi.

Wabillahi tawfiq.